Uzi: Tiba ya mwanga kwa makula iliyochakaa. Mwanga ukishaingia jichoni, tishu zinajibu nini?

#1 BintiMarangu

Heshima kwenu wakuu, na shikamooni wakubwa wote mliomo humu.

Naandika nikiwa Moshi mjini, mama amelala chumba cha pili. Ana miaka 76. Kwetu ni Marangu, na kila msimu wa kahawa kazi ya kuchambua ni yake. Anakaa barazani, ungo mapajani, anatoa punje zilizotobolewa na wadudu na zile zilizovunjika. Pale kijijini sijaona wa kumfikia kwa kasi. Mwaka jana mwezi wa kumi nilipanda kumsalimia, nikamkuta anachambua huku kichwa kakigeuza pembeni kama kuku anayemwangalia mwewe. Mkono unakwenda kwenye punje, unatua kando yake. Anapapasa, anaipata, anaiinua mpaka usawa wa sikio ndipo anaitazama.

Nikamuuliza. Akasema: "Ukingo wa ungo nauona wote. Katikati pana kivuli." Kisha akanionyesha nguzo ya baraza: "Na hii nayo siku hizi imepinda." Nguzo imenyooka, baba aliipiga timazi kwa mkono wake.

Kliniki tuliyoanzia, ambayo sitaitaja, walimwandikia miwani. Tuliporudi wakabadilisha miwani. Mara ya tatu tukaambiwa ni uzee, tumwache apumzike. Miezi mitano ikapita hivyo. Hospitali ya pili ndiyo waliompiga picha ya OCT inayoonyesha tabaka za jicho, wakamchoma rangi ya manjano kwenye mshipa wa mkono, wakaifuata kwa kamera inavyopita nyuma ya jicho. Wakasema makula, ile sehemu ya jicho inayoona katikati, imechakaa. Jicho la kulia tayari kovu. La kushoto mishipa inavuja, bado linaokoleka, na daktari akasema ni kwa sindano za jichoni.

Mjomba wangu, kaka yake mama, yuko Ujerumani tangu ujana wake. Yeye alipata ugonjwa huu huu mwaka 2001 akatibiwa kwa mwanga. Aliposikia habari akapiga simu usiku huo huo: "Mpelekeni dada yangu akapigwe mwanga, msihangaike na sindano." Ukoo ukagawanyika. Wapo waliotaka tuuze ng'ombe wawili tumsafirishe.

Mimi nikaanza kusoma na kuuliza. Daktari wa mama ana subira sana, alinichorea mpaka nyuma ya karatasi za vipimo. Nilichokipata nakileta hapa, maana naamini kuna nyumba nyingine zinabishana kama yetu ilivyobishana. Nikikosea, walio kwenye fani wanisahihishe.

#2 DerevaHimo

Pole sana dada. Naegesha gari hapa, shusha.

#3 NesiMacho

Pole BintiMarangu, mpe mama shikamoo yangu. Mimi ni muuguzi wa macho mwaka wa kumi na tatu sasa. Kabla hujaendelea niwaweke sawa wasomaji.

Nyuma ya jicho kuna kiwambo kinachopokea picha, kinaitwa retina. Katikati yake kuna sehemu ndogo, upana wake kama milimita tano na nusu, ndiyo makula. Hiyo ndiyo unayosomea, unayotungia uzi kwenye sindano, unayotambulia sura ya mtu. Retina ya pembeni inakusaidia kutembea usijikwae. Ndiyo maana mama anauona ukingo wa ungo na punje hazioni.

Makula ikichakaa kwa umri kuna njia mbili. Aina kavu: uchafu unajikusanya chini ya retina, seli zinakufa polepole kwa miaka. Aina ya majimaji: mishipa mipya ya damu inachipua kutoka chini, inapenya mahali isipotakiwa, na kuta zake ni dhaifu, inavuja maji na damu. Aina ya pili ni wachache wanaoipata, lakini ndiyo inayopofusha haraka. Mistari iliyonyooka kuonekana imepinda ni dalili yake kubwa. Maji yameinua retina, na kitu kikiangukia kwenye kiwambo kilichovimba kinaonekana kimepinda.

Na hii si mtoto wa jicho wala presha ya macho. Watu wanachanganya sana.

#4 BintiMarangu

Asante dada nesi. Naendelea.

Tiba aliyopata mjomba haichomi kwa joto. Hilo ndilo jambo la kwanza lililonishangaza. Zamani kidogo ilikuwepo leza ya kuchoma: inaunguza mshipa unaovuja, na retina iliyo juu yake inaungua pamoja. Mshipa ukiwa katikati kabisa ya makula, unaziba uvujaji na unamwachia mtu doa jeusi siku hiyo hiyo. Madaktari walikuwa wanachagua kati ya upofu wa leo na upofu wa mwakani.

Tiba ya mwanga ina hatua mbili. Kwanza dawa, inaitwa verteporfin. Inatiwa kwenye mshipa wa mkono kwa dakika 10, miligramu 6 kwa kila mita moja ya mraba ya ngozi ya mwili. Mama angekadiriwa mita 1.6, kwa hiyo angepata miligramu 9.6. Dakika 15 tangu dripu ianze, daktari anaelekeza leza nyekundu ya mawimbi ya nanomita 689 kwenye lile eneo tu, kwa sekunde 83. Basi. Mtu anavaa miwani nyeusi anarudi nyumbani.

Dawa bila mwanga hulala tu ndani ya damu. Mwanga ule bila dawa hauna nguvu ya kuunguza. Vikikutana ndipo kazi inafanyika.

#5 Mama K Kiboriloni

Hili la dawa kulala mpaka iamshwe na mwanga mbona nalijua kwa mkono wangu! Nauza juisi. Mwaka juzi nilikamua ndimu debe zima asubuhi, sikunawa vizuri, nikakaa juani sokoni. Kesho yake mikono imetoka malengelenge, kisha madoa meusi yaliyokaa miezi. Nilidhani nimerogwa. Daktari akaniambia ni ndimu na jua. Waliokamua nami wakabaki kivulini hawakupata kitu.

#6 Mwl_Njiro

Mama K umetoa mfano mzuri kuliko vitabu vyangu. Nafundisha fizikia na kemia hapa Arusha, naomba niingie.

Ndimu ina kemikali inayoamshwa na miali ya jua ya urujuanimno. Njia yake ya kuumiza ngozi si ile ile ya verteporfin, ila wazo la msingi ni moja. Tena Julia Levy, mmoja wa wanasayansi wa Chuo Kikuu cha British Columbia kule Kanada waliohusika kuifikisha verteporfin hospitalini, amesimulia kwamba kilichomwamsha ni watoto wake kuungua ngozi baada ya kuchezea mmea wa porini wenye utomvu wa aina hiyo.

Kisa chenyewe ni cha zamani zaidi. Mwanafunzi mmoja kule Munich, Oscar Raab, alikuwa anapima rangi fulani kwa viumbe vidogo vya majini. Siku nyingine vinakufa upesi, siku nyingine vinaishi, na rangi ni ile ile. Akagundua tofauti ilikuwa mwanga uliokuwa unaingia chumbani. Alichapisha mwaka 1900.

Sasa hesabu, kwa wanaopenda. Leza ya mjomba ina nguvu ya wati 0.6 kwa kila sentimita ya mraba. Zidisha kwa sekunde 83: unapata 49.8, yaani kama juli 50 kwa sentimita ya mraba. Hizo sekunde 83 hazikutoka hewani.

Kinachofanyika: molekuli ya dawa inapokea nishati ya mwanga, inachangamka, inairushia oksijeni iliyo jirani. Oksijeni hiyo inageuka kuwa kali mno. Inashambulia utando wa seli iliyo karibu, na maisha yake ni mafupi kiasi kwamba inaisha kabla haijavuka upana wa seli moja. Ndiyo maana madhara yanabaki pale pale dawa ilipokaa. BintiMarangu, swali langu: dawa imepita kwenye damu yote ya mwili. Kwa nini ikae zaidi kwenye mishipa mibovu?

#7 BintiMarangu

Mwalimu, umeuliza nilichomuuliza daktari.

Verteporfin inapanda gari la lehemu, yaani kolesteroli. Kwenye damu kuna chembe zinazobeba lehemu, zile watu wa presha wanazoambiwa wazipunguze. Dawa inajishika humo. Mishipa inayochipua upya inajenga kuta kwa haraka, inahitaji lehemu nyingi, kwa hiyo imeweka milango mingi ya kuipokea. Dawa inaingia na mzigo. Mishipa iliyotulia ina milango michache.

Lakini tafadhali shikeni neno "zaidi". Inakaa *zaidi* kwenye mishipa mibovu, haikai huko *peke yake*. Hapa ndipo ilipo habari yote ya uzi huu, na ndipo mjomba hakuwahi kuelezwa.

Naeleza kilichoonekana kwa waliochunguzwa, wengine kwa picha za rangi, wengine kwa vipande vya tishu vilivyotolewa kwa upasuaji baada ya tiba.

Saa za mwanzo. Seli zinazotandaza ukuta wa ndani wa mshipa zinavimba, zinajikunja, zinabanduka. Daktari alinichorea bomba lenye plasta ndani, plasta inamomonyoka na tofali linabaki wazi. Chembe za damu zinazogandisha zikikutana na tofali wazi zinadhani kuna jeraha, zinajazana pale. Damu inaganda, mshipa unaziba. Retina iliyo juu, zile seli za kuona zenyewe, kwa sehemu kubwa zinasalimika. Hiyo ndiyo tofauti na leza ya kuchoma.

Siku za mwanzo. Tishu inajibu kama mguu uliopigwa. Inavimba. Kwenye picha za OCT maji chini ya retina yanaweza *kuongezeka* kwanza, na mgonjwa akaona ukungu zaidi ya alivyokwenda. Mjomba anakumbuka siku ya pili alilia akidhani wamemmaliza. Kwa wengi hupungua. Ila wagonjwa kati ya 1 na 5 katika 100 hupoteza uoni kwa kiwango kikubwa ndani ya wiki ya kwanza, na si wote wanaourudisha.

Wiki ya kwanza. Ukipiga picha ya rangi hapo, kwa wengi uvujaji umesimama. Kila mtu anafurahi.

Na hapo hapo, ukipiga aina nyingine ya picha inayoonyesha mishipa ya chini zaidi, unaona duara jeusi ukubwa ule ule wa doa la leza. Maana yake mishipa midogo *mizima* iliyo chini ya retina nayo imezibwa au imepungua damu. Leza inapangwa kuzidi kidonda kwa nusu milimita kila upande, ili ukingo usiachwe, na huo ukingo ni tishu isiyo na kosa.

Sasa fikirini. Tishu iliyonyimwa damu inafanya nini? Inaomba. Inatoa protini inayoita mishipa mipya ije, ile wanayoiita VEGF kwa kifupi. Na protini hiyo ndiyo iliyoanzisha ugonjwa! Mwaka 2003 watafiti walichapisha uchunguzi wa macho ambayo yalikuwa yatolewe kwa sababu nyingine, wakayapa tiba hii kwanza kwa hiari ya wenyewe, kisha wakaona VEGF imepanda kwenye eneo lililopigwa mwanga.

Wiki ya nne mpaka ya kumi na mbili. Mishipa iliyozibwa inafunguka tena, au mipya inapita pembeni ya ile ya zamani. Kwa wengi uvujaji unarudi. Ndiyo sababu ratiba ilikuwa kumwona mgonjwa kila miezi mitatu, picha ikionyesha kuvuja anapigwa tena. Mjomba alipigwa mara tano kwa miaka miwili. Hakuwa na bahati mbaya. Wagonjwa wa utafiti mkubwa walipata wastani kama huo.

Na kila mzunguko unaacha alama. Tabaka la seli nyeusi linalolisha retina linachoka, mahali pengine linakonda na kufa. Mwisho kinabaki kovu, dogo kuliko ambalo ugonjwa ungeliacha wenyewe, lakini kovu.

Niliposoma hapa mara ya kwanza niliweka simu chini nikatoka nje. Nilikuwa nimejenga matumaini juu ya mwanga kama kitu kinachofukuza giza. Kumbe ni kisu, chembamba sana, na tishu inakijibu.

#8 DerevaHimo

Dada umeandika mpaka nimemwacha abiria. Sasa niambie mimi wa darasa la saba: mjomba alipona au hakupona?

#9 BintiMarangu

Kaka, swali lako ndilo la msingi.

Jicho lake lilibaki pale lilipokuwa. Anatembea, anajua mlango uko wapi, anamwaga chai kikombeni bila kumwagika. Biblia hakuisoma tena. Ukimuuliza yeye, atakuambia amepona, kwa sababu rafiki yake wa wodini aliyekataa tiba aliishia kuona mkono ukipungwa tu.

Takwimu zinasema hivyo hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuwa na wagonjwa 609, Ulaya na Amerika Kaskazini. Kipimo kilikuwa: nani *hakupoteza* herufi 15 kwenye chati ya kupimia macho, yaani mistari mitatu. Baada ya mwaka mmoja, waliopata dawa walikuwa 61 kati ya 100, na waliopata dripu isiyo na dawa pamoja na mwanga walikuwa 46. Kwa misingi hiyo ikaruhusiwa Marekani na Ulaya mwaka 2000. Kwa wakati ule ilikuwa baraka, maana kabla yake kwa kidonda cha katikati hapakuwa na cha maana.

Halafu zikaja sindano zinazoikamata VEGF yenyewe. Mwaka 2006 zilishindanishwa uso kwa uso. Wasiopoteza herufi 15: kwa sindano kama 95 kati ya 100, kwa mwanga 64. Na walio*ongeza* herufi 15 au zaidi: kwa dozi iliyokuja kuzoeleka kama 40 kati ya 100, kwa mwanga kama 6. Hapo nikaelewa kwa nini daktari wa mama hakutikisika mjomba alipopiga kelele kwenye simu. Mwanga unaziba bomba na kuacha kilio kinaendelea. Sindano inanyamazisha kilio.

#10 Sakina_Juu

Nimesoma yote na sikubaliani na mwisho wako dada. Baba yangu ana miaka 58, alivuja damu jichoni, tukampeleka Nairobi. Walimpiga sindano miezi sita hazikushika. Wakamwongezea huo mwanga mara moja tu, na sasa anaendesha gari kutoka Sakina hadi Ngaramtoni. Ukiandika kwamba ni kisu kinachoacha kovu, mtu mwenye ugonjwa kama wa baba ataikimbia tiba iliyomfaa.

#11 NesiMacho

Sakina_Juu umefanya vyema kusema, na BintiMarangu naye hajakosea. Magonjwa yao si mamoja.

Ninavyokusoma, baba yako yaelekea ana ile aina ambayo mishipa ya chini ya retina inatoa vifundo, kama zabibu kwenye kikonyo. Kwa kifupi wanaita PCV. Imeonekana sana kwa watu wa Asia na kwetu Waafrika pia ipo. Vifundo hivyo vinaweza kubaki vimejaa hata VEGF ikizimwa. Hapo mwanga una kazi yake hasa: unaziba kifundo chenyewe. Utafiti wa wagonjwa 322 uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha sindano pamoja na mwanga zilifuta vifundo vyote kwa 69 kati ya 100 kwa mwaka mmoja, sindano peke yake 35.

Ipo pia hali ya maji kujikusanya chini ya makula kwa watu wa umri wa kati, wengi wanaume, na wengine wanaotumia dawa za steroidi. Huko madaktari wanatumia nusu ya dozi, miligramu 3 badala ya 6, kwa sababu hiyo hiyo aliyoieleza dada: kupunguza mateso ya tishu nzima. Yaani kila walichojifunza kuhusu tishu inavyojibu ndicho kilichowafundisha kupunguza mkono.

Kitu kimoja zaidi. Mwaka 2021 verteporfin ilianza kuwa adimu duniani. Mtu akikuambia anayo dukani kwake, uliza maswali.

#12 Sakina_Juu

PCV ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi ya baba. Nimeelewa. Dada BintiMarangu nisamehe kwa ukali wangu.

#13 BintiMarangu

Hakuna kosa kaka. Umenisaidia, maana nilikuwa nimeandika kana kwamba kila jicho ni la mama yangu. Baba aendelee vizuri.

#14 Mama K Kiboriloni

Na jua letu hili la Moshi? Mtu akishapigwa hiyo dawa anarudije nyumbani?

#15 NesiMacho

Dawa imo mwilini mzima, ngozi ikiwemo, mpaka ini liitoe. Maelekezo ya Marekani ni siku 5 bila jua wala taa kali, ya Ulaya saa 48. Mikono mirefu, kofia pana, miwani nyeusi sana. Mafuta ya kujikinga na jua hayasaidii hapa, maana yanazuia urujuanimno, na dawa hii inaamshwa na mwanga wa kawaida unaoonekana.

Ila asifungiwe gizani! Ndugu wengi wangefanya hivyo kwa upendo. Mwanga hafifu wa ndani unaipunguza dawa kwenye ngozi taratibu. Akae sebuleni, mbali na dirisha lenye jua.

Na wakati dripu inaingia, mgonjwa akilalamika mgongo unauma asidharauliwe. Inajulikana, huwapata wachache, aseme mara moja. Ikipenya nje ya mshipa wa mkono, mahali hapo pakavimba, pafunikwe pasipate mwanga mpaka uvimbe na rangi viishe.

#16 Mwl_Njiro

Naomba niseme jambo linalonikera. Mjini hapa jirani yangu, mstaafu, ameuziwa taa nyekundu ya kuwasha mbele ya macho kila asubuhi. Aliambiwa "ndiyo ile tiba ya mwanga ya Wazungu". Alilipa pensheni ya miezi miwili. Ana aina ya majimaji, na amekaa na taa hiyo tangu Pasaka huku jicho linajaa damu.

Kwa yote mliyosoma hapa, taa nyekundu bila verteporfin kwenye damu haizibi mshipa wowote. Ni kweli kipo kifaa cha hospitali kinachotumia mwanga hafifu bila dawa, Marekani walikiruhusu Novemba 2024, lakini ni kwa aina *kavu* na kinafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Hakiuzwi kwenye meza ya barabarani. Nimemshika mkono mzee, Jumatatu tunakwenda naye hospitali.

#17 DerevaHimo

Mwalimu, Jumatatu naanzia Arusha. Nipigie nimbebe mzee bila nauli.

#18 BintiMarangu

Mungu akubariki kaka. Mwalimu, mwahini leo kama inawezekana. Nimeshasema kuhusu ile miezi mitano yetu. Jicho la kulia la mama lilikuwa bado linavuja tulipokuwa tunabadilisha miwani. Lilikauka likawa kovu wakati sisi tunasubiri.

Kwa walio na wazazi nyumbani: chukua daftari la hesabu la miraba, weka nukta nene katikati ya ukurasa. Mzee avae miwani yake ya kusomea, afunike jicho moja, aitazame nukta, kisha abadilishe jicho. Akikuambia miraba imepinda, imevimba au kuna iliyokosekana, usimpeleke kubadilisha miwani. Mpeleke kwa daktari bingwa wa macho wiki hiyo hiyo. Kufunika jicho moja ni lazima. Mama alikaa miezi bila kujua kwa sababu jicho zima lilikuwa linambebea lenzake.

#19 Mama K Kiboriloni

Nimempima mama mkwe sasa hivi kwa daftari la mjukuu. Miraba yote iko sawa macho yote mawili. Aika mbe.

#20 BintiMarangu

Narudi na habari, wiki tatu baadaye.

Mama amechomwa sindano ya tatu Jumanne. Ya kwanza alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia; hii alikuwa anamuuliza nesi amezaliwa wapi. Picha ya OCT ya jicho la kushoto: ule mlima wa maji chini ya makula umeshuka, umebaki mwinuko mdogo. Kwenye chati amesoma mistari miwili zaidi ya mwezi wa tatu. Jicho la kulia ni lile lile, na daktari amesema wazi halitarudi. Sindano zitaendelea, huenda kwa miaka, na ng'ombe mmoja tumemuuza kwa ajili hiyo.

Mjomba alipiga simu nikiwa naandika hapa. Nilimsomea posti namba 7 yote, polepole, maana Kiswahili chake kimechanganyika na Kijerumani. Alinyamaza muda. Kisha akauliza kama siku ile ya pili, ule ukungu uliomliza, ulikuwa ni ule uvimbe niliouandika. Nikamwambia ndiyo. Akasema miaka yote hii alidhani alikuwa amekosea masharti, kwamba labda aliinua pazia mapema.

Mama ameomba ungo. Kahawa bado haijaiva, nimemwekea maharage.

#21 DerevaHimo

Mzee wa mwalimu tumemfikisha salama. Ameambiwa ni sindano, ameanza.